Upana wa Kiganja

Baba yangu, Sajini Odyek, aliwafundisha polisi kupiga shabaha kwa miaka ishirini na mitatu, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumsikia akimtukana mtu kwa kukosa. Akiletewa karatasi yenye matundu yaliyotawanyika kama mtama uliomwagika, alimwambia mwenye karatasi alale chini tena na bunduki yake, naye akalala ubavuni pake, akamtazama. Hakutazama bunduki. Alimtazama mtu: shavu limegusa kitako cha bunduki wapi, bega limekaza au limelegea, pumzi imeshikwa mapema au imechelewa, kidole kinavuta triga kwa ncha au kwa kifundo.

"Bunduki haina tabia," alikuwa akisema. "Tabia ni ya mtu. Bunduki inaifuata tu."

Nimekulia kwenye kambi za polisi. Baba ni mtu wa Lira, kaskazini mwa Uganda, na marehemu mama yangu, Jamilah, alikuwa Mnubi wa Bombo. Baba alikwenda kanisani, Mama alikwenda msikitini, na Kiswahili cha kambini ndicho kilichobaki katikati yao, nasi watoto tukakikuta hapo. Mama alipofariki, Baba alikuwa amekwisha kustaafu. Akahamia kwangu Kyambogo, jijini Kampala, ninakofanya kazi katika maktaba ya chuo. Miezi mitatu alikaa barazani akiwatazama wanafunzi wakipita, na jioni akinieleza ni nani ambaye bega lake la kulia limeshuka. Nilifurahi alipopata kazi tena.

Ilikuwa kampuni ndogo ya ulinzi. Meneja wake alikuwa Mkenya aitwaye Ondiek, mtu mpole, mwenye kuvaa tai hata siku za Jumamosi. Walimtaka Baba awafundishe askari wao na kuzisawazisha bunduki, yaani kuhakikisha kwamba risasi inakwenda pale jicho linapolenga. Askari walikuwa kumi na wanne, bunduki saba. Kila bunduki ilikuwa na watu wawili, mmoja wa zamu ya mchana na mmoja wa zamu ya usiku.

Bunduki mojawapo ilikuwa ya Ongom na Atoo. Ongom ni jitu la mtu, mikono mirefu, shingo kama gogo. Atoo alikuwa binti wa miaka ishirini na minne kutoka Pader, mfupi, mwembamba, anayeongea kwa sauti ya chini hata akicheka. Baba yake alikuwa mwanajeshi, akafa Atoo akiwa bado mchanga. Nadhani ndiyo sababu alimshika baba yangu kama alivyomshika. Jumapili baada ya misa alikuja kwetu na ufuta wa kusaga, tukapika pamoja boo, yaani mboga ya majani ya kunde, naye akamsikiliza Baba akisimulia habari za viwanja vya shabaha hadi jua lilipopoa. Mimi aliniita dada Aloyo. Baba kwake alikuwa Afande, mpaka mwisho.

Siku moja Baba alirudi kutoka uwanjani na karatasi mbili, akazitandaza juu ya meza yangu ya kulia chakula.

"Tazama hizi," alisema. "Bunduki moja, umbali mmoja, hatua hamsini. Hii ya Ongom, hii ya Atoo."

Matundu ya Ongom yalikuwa katikati, yamepishana kidogo. Ya Atoo yalikuwa matano yaliyokaa pamoja, ungeweza kuyafunika kwa kikombe cha chai. Lakini yote yalikuwa kushoto mwa kitovu cha shabaha, upana wa kiganja kizima.

"Kwa hiyo Atoo hajui," nilisema.

"Anajua kuliko Ongom. Asiyejua hupiga leo hapa, kesho pale. Huyu anapiga palepale kila mara." Alichukua mwiko wangu, akauweka begani kama bunduki. "Ongom ana mkono mrefu. Kitako kinamkaa vizuri, shavu linashuka lenyewe, jicho linakuja nyuma ya mtutu moja kwa moja. Atoo mikono yake mifupi. Ananyoosha shingo, jicho linakuja kwa pembeni. Halafu kidole hakifiki, ncha tu ndiyo inagusa triga. Akivuta, anaisukuma bunduki kushoto kidogo. Kidogo sana, huwezi kuona. Ila risasi inaona."

"Sasa dawa yake?"

"Ni kusogeza kile kijiti cha mbele cha kulengea. Dakika tano tu. Baada ya hapo atapiga katikati mpaka azeeke."

"Basi kisogeze."

"Nikikisogeza, Ongom atapiga kulia."

Alimwendea Ondiek akamwomba Atoo apewe bunduki yake peke yake. Ondiek alimsikiliza kwa heshima, akasema nyingine zitakuja vibali vikitoka, labda kabla ya Krismasi. Wakati huo kulikuwa na fomu ya kujaza: kwamba kila bunduki imekaguliwa na ni nzima, na kila askari amefuzu. Baba akarudi uwanjani na Atoo. Akamwambia, lenga kulia, kiganja kimoja. Atoo akalenga kulia kiganja kimoja, na risasi zote tano zikaingia katikati. Baba akatia saini.

Alinihadithia hayo usiku huohuo, mimi nikiosha vyombo. Sikuona neno lolote la kunitia wasiwasi, na kama yeye aliliona hakulitamka.

Atoo alipangiwa Kisenyi, kwenye duka la jumla la mama mmoja Msomali aitwaye Zuleika, muuzaji wa vipuri na mafuta ya magari. Mtaa ule una gereji kila upande. Hatua hamsini hivi kutoka mlangoni pa duka, mbele ya gereji moja, mwanamke wa Kikenya aitwaye Moreen alikuwa akiuza chai na mandazi. Mume wake, Oloo, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kwenye gereji hiyohiyo. Walitoka Busia miaka sita nyuma, na mafundi wote walimjua Moreen kwa sababu aliwakumbuka nani anakunywa chai bila sukari.

Jumanne moja ya mwezi wa saba, saa nne asubuhi, wanaume wawili waliingia dukani kwa Zuleika kama wateja. Atoo alikuwa nje. Alisikia kelele, kisha wakatoka mbio, na Zuleika nyuma yao ameshika mfuko wa mmoja wao, hataki kuuachia. Walimburuta hivyo hadi karibu na gereji. Hapo yule mwanaume akaanguka naye, akainuka, akachomoa bastola, akamwelekezea mama wa watu aliyekuwa bado chini. Atoo alipiga goti, akalenga paja la yule mwanaume, akafyatua mara moja.

Risasi ilipita kando ya paja. Nyuma yake, kushoto kidogo, Moreen alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, anachochea sigiri. Ilimpata kifuani. Watu walisema hakulia, aliinama tu mbele kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Oloo alitoka na miwani yake ya kuchomelea usoni, akambeba hadi kwenye gari la mteja. Hawakufika hospitali.

Wale wanaume waliingia katikati ya watu wakapotea. Atoo aliiweka bunduki chini, akaketi kando yake, akasubiri polisi. Hivyo ndivyo walivyomkuta.

Redio zilisema mengi wiki ile. Moja ilisema alikuwa amelewa, nyingine ilisema hakuwa amefundishwa. Siku ya tano Ondiek alikuja nyumbani kwetu na karatasi. Hakukaa sana. Alikuwa mtu wa haya, na nadhani hakulala vizuri siku zile.

"Mzee, ni maelezo tu ya polisi," alisema. "Kwamba bunduki ilikuwa nzima na askari alifuzu. Si ndivyo ilivyo?"

"Ndivyo ilivyo," alisema Baba.

"Basi tia saini, nikuache upumzike."

"Niachie nisome. Macho yangu yamezeeka."

Alipoondoka, Baba alikaa na karatasi ile mapajani mpaka nikamwandalia chakula, na chakula kikapoa. Nilijua anachofikiria. Nami nitasema nilichosema, kwa sababu nimeshakificha vya kutosha.

"Baba, saini. Kila neno humo ni kweli. Hujaulizwa lingine, usijibu lingine. Umri wako huu si wa kusimama kizimbani."

"Na Atoo?"

"Atoo ndiye aliyefyatua."

Alinitazama bila hasira. "Wewe unafanya kazi kwenye vitabu," alisema. "Unajua kwamba ukurasa mmoja ukichanwa, kitabu kilichobaki kila neno lake ni kweli."

Kesho yake alikwenda kumwona Atoo rumande. Nilimsindikiza kwa kuwa magoti yake yalikuwa yameanza kumsumbua. Atoo aliletwa amevaa gauni la njano, nywele zimekatwa. Alipomwona Baba alisimama wima, kama kwenye gwaride.

"Kaa, mwanangu. Niambie ulilenga wapi."

"Katikati ya paja, Afande."

"Si kulia?"

Alikunja na kukunjua pindo la gauni lake. Kisha akasema, "Nilisahau. Niliona ile bastola na yule mama chini, kichwa kikawa kitupu. Nilikumbuka kitu moja tu, ile ya siku ya kwanza. Ulisema, weka jicho katikati, amini bunduki."

Baba aliinamisha kichwa. "Ndiyo. Nilisema."

"Kama umeniambia vitu viwili, Afande, mtu anaogopa anakumbuka kile cha kwanza."

Hakusema kwa lawama. Alisema kama mtu anayesaidia kutafuta jibu, na hilo ndilo lililomwumiza Baba zaidi ya kitu chochote. Tulipofika nyumbani aliichukua ile karatasi ya Ondiek, akaandika nyuma yake kwa mkono wake mambo yote: karatasi mbili za shabaha, kiganja kushoto, ombi la bunduki ya pili, agizo la kulenga kulia, saini yake. Akaipeleka polisi mwenyewe. Wiki iliyofuata hakuwa na kazi.

Upelelezi ulishikwa na mama mmoja wa Mbale, Inspekta Nakhisa. Aliyasoma maelezo ya Baba mara mbili, akasema haamini. Bunduki ni chuma, alisema, inapeleka risasi inakopeleka. Baba akamwomba jambo moja: ile bunduki ipelekwe uwanjani, ipigwe na watu watatu mahali pamoja. Ilichukua wiki saba na barua ya hakimu, lakini alikubali.

Tulikwenda asubuhi, mvua ikiwa imenyesha. Walikuwapo maofisa wanne, wakili wa serikali, Ongom, na Atoo kati ya askari magereza wawili. Mimi niliruhusiwa kusimama nyuma, karibu na gari.

Baba alianza. Risasi zake tano zilikaa chini kulia, zimetawanyika. "Hayo ni macho ya mzee," alimwambia Inspekta. Ongom akafuata, akapiga zote katikati, akainuka bila kumtazama mtu. Kisha wakamfungua Atoo pingu.

Alilala kwenye matope. Risasi zake tano za kwanza zilikwenda kila mahali, mbili hazikugusa karatasi kabisa.

"Basi, tumeona," alisema wakili.

"Bado," alisema Baba. "Aliyepiga hapa ni hofu, si yeye. Mnipe dakika kumi."

Inspekta Nakhisa aliitikia kwa kichwa. Baba alishuka kwa magoti yake mabovu, akalala kwenye matope ubavuni pake, na suruali yake ya kanisani. Aliongea naye kwanza kwa Kiacholi, lugha ya kwao Atoo, maneno ambayo sikuyasikia. Baadaye kwa Kiswahili, polepole.

"Vuta pumzi. Toa nusu. Usifikirie mtu yeyote."

"Nifikirie nini, Afande?"

"Karatasi. Ni karatasi tu ile."

Alipiga risasi tano, na baada ya kila moja Baba aligusa bega lake kwa vidole viwili. Afisa aliyekwenda kuileta karatasi alirudi akiitazama. Inspekta Nakhisa akaipima kwa rula. Matano yote pamoja, kushoto mwa kitovu, upana wa kiganja.

Atoo alikuwa bado amekaa chini, matope mpaka kwenye kidevu. Alinyoosha shingo akaitazama karatasi ile.

"Kumbe ningekuwa mbaya wa shabaha," alisema, "labda isingempata."

Baba alijaribu kusimama akashindwa. Ongom ndiye aliyemwinua.

Kesi ilisikilizwa mwezi wa pili. Zuleika alikuja na watoto wake wawili wakubwa, akaeleza kwamba yuko hai kwa sababu ya binti yule. Ondiek aliitwa, akakubali kwamba ombi la bunduki ya pili lilimfikia, na kwamba alilichelewesha. Baba alisimama kizimbani karibu saa nzima, akaeleza habari ya shavu na jicho na kidole, na hakimu akaandika kila kitu.

"Sasa tukuelewe vipi?" wakili wa serikali alimwuliza. "Bunduki hii ni nzuri au ni mbovu?"

"Ni nzuri."

"Na mshtakiwa anajua kupiga?"

"Anajua."

"Basi kosa liko wapi, mzee?"

"Liko kwenye kuwaweka pamoja," alisema Baba. "Na aliyewaweka pamoja akatia saini ni mimi. Yeye alifanya nilichomfundisha. Moreen wa watu amekufa kwa somo langu."

Hakimu alimshukuru kwa ukweli wake. Hata hivyo alisema, na sijui ningesema tofauti kama ningekuwa yeye, kwamba askari hafyatui risasi kwenye mtaa uliojaa watu, hata akiwa na bunduki iliyosawazishwa na malaika. Kosa la kuua kwa kukusudia halikuthibitika. Kwa kosa la kuua kwa uzembe alimhukumu Atoo mwaka mmoja na nusu. Kampuni ilinyang'anywa kibali, Ondiek akarudi kwao. Baba hakushtakiwa kwa lolote. Alitoka mahakamani akiwa mtu huru, akaniuliza mara tatu kama nina hakika hakuna mahali anapotakiwa kwenda.

Oloo hakuja kusikia hukumu. Alikuwa amempeleka mke wake kuzikwa Busia, akarudi, lakini gereji ya Kisenyi ilimshinda. Tuliambiwa yuko Ggaba, kando ya ziwa, anachomelea viti vya mashua na mizani za wauza samaki. Baba alitaka kwenda. Safari hii sikumzuia.

Tulimkuta nyuma ya soko, chini ya bati, anapoza kipande cha chuma kwenye ndoo ya maji. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomfikiria. Baba alijitambulisha, akaeleza yeye ni nani katika jambo lile. Oloo alivua miwani yake, akatuonyesha benchi.

Baba alimweleza yote, kama alivyoyaeleza mahakamani, pasipo kupunguza. Alipofika kwenye kiganja, Oloo alimsimamisha.

"Ngoja, mzee. Ilikuwa umbali gani, ule wa kukosa?"

"Upana wa kiganja."

Oloo aliutazama mkono wake mweusi kwa moshi. "Kiganja cha nani?"

Baba aliinua mkono wake mwenyewe, akautazama, akaushusha.

"Cha Moreen kilikuwa kidogo," alisema Oloo. "Kama ingekuwa cha kwake..." Hakumaliza. Mwanamke mmoja alikuja kuulizia mizani yake, Oloo akamwambia arudi saa tisa. Kisha akasema, "Mzee, nimekusikia. Wengine hawakuja hata mlangoni. Lakini mimi siwezi kukuambia neno la kukutoa hapo ulipo. Sinalo. Nikilipata nitakutafuta."

"Ni haki yako," alisema Baba.

"Huyo binti mko naye vipi?"

"Namwona kila mwezi."

"Anasemaje?"

"Anauliza habari yako."

Oloo alivaa miwani yake tena, akawasha mtambo. Tuliondoka cheche zikiruka. Hakututazama, nasi hatukuaga.

Mpaka leo Baba huenda gereza la Luzira kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Kuna siku Atoo anatoka kumwona, na kuna siku anatuma askari kusema hajisikii, naye Baba hukaa kwenye benchi la nje mpaka muda wa wageni uishe, ndipo arudi. Mimi humsindikiza na kumngojea. Nimejaribu kumwambia kwamba sasa imetosha, kisha nikakumbuka ushauri wangu wa kwanza ulivyokuwa, nikanyamaza.

Jumamosi iliyopita Atoo alitoka. Amenenepa kidogo, anafundishwa kushona. Alisema mama yake amemwandikia kwamba Pader mvua imewahi. Akauliza Baba anakula vizuri, na kama magoti bado yanamsumbua. Walikaa, kila mmoja na mikono yake mapajani.

"Nikitoka nitaenda nyumbani," alisema mwishowe. "Kampala sitakaa tena. Usikasirike."

"Sikasiriki."

"Na nitaomba uache kuniita mwanangu, Afande. Si kwa ubaya. Nikisikia hivyo naanza kutaka kurudi nyuma, na nyuma hakuna mahali."

Baba alisema sawa. Askari magereza alipoita, Atoo alisimama, akamsalimu kwa mkono mmoja kama mtu mzima anavyomsalimu mtu mzima mwenzake, akaingia ndani.